Cheni hairefuki, inalika

Kila mwezi natenga Jumapili moja ya kusoma barua zenu za pikipiki, gereji imefungwa, kikombe cha chai pembeni. Safari hii nilizigawa mafungu manne: breki, injini, umeme na cheni. Fungu la cheni likayazidi mengine yote yakiwekwa pamoja. Sikushangaa. Masika yamepita, barabara zetu za udongo zimegeuka unga, na ile sauti ya krr-krr nyuma ya kisigino cha dereva naisikia kutwa nzima hapa Msamvu, Morogoro. Basi ukurasa wote wa mwezi huu nimeuachia cheni.

*Fundi, shikamoo. Nina Boxer ya mkataba, nashusha viazi na kabichi kutoka Mgeta hadi mjini Morogoro, kwa siku kilomita mia hivi. Cheni nilifunga mpya, ina miezi minne tu, lakini imerefuka mpaka ajasta za kukazia zimefika mwisho. Fundi wa huku anasema tukate pingili mbili, itatembea tena. Matunzo naifanyia, kila asubuhi naimwagia oili chafu. Nakosea wapi?*
*Dereva wa mizigo, Mgeta*

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu karibu kila barua iliyo chini ya hii yako inasimama juu ya jibu hili.

Cheni yako haikurefuka. Chuma kile hakivutiki kama mpira wa manati. Cheni yako imelika, tena imelikia ndani. Chukua kipande cha cheni kuukuu ukitazame vizuri. Kuna mabamba mawili ya nje na mawili ya ndani. Kati yao kuna rola, ile inayokaa kwenye bonde la jino la sproketi, yaani gurudumu la meno ambalo cheni inalizunguka. Ndani ya rola kuna kijibomba kinaitwa bushi, na ndani ya bushi ndimo inamopita pini. Kila cheni inapopinda kuizunguka sproketi, pini inasugua ndani ya bushi. Mahali hapo pembamba, ambapo jicho halifiki, ndipo cheni inapofia. Huyo Mswisi aliyebuni bushi, Hans Renold, akiwa na karakana yake kule Manchester, Uingereza, alipata hataza mwaka 1880 kwa jambo hilo hilo: kabla yake pini zilikuwa zinasagana na vibamba vyembamba na kuisha upesi, yeye akaipa pini sehemu pana ya kuegemea. Tangu siku hiyo hadi leo, kutunza cheni ni kuhakikisha mafuta yanaingia kati ya pini na bushi. Mengine yote yanafuata.

Sasa chukua rula ya shule. Cheni ya pikipiki kama yako kwa kawaida imegongwa namba 428 kwenye bamba. Ile 4 ya mwanzo maana yake sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Hesabu pini 21, upate nafasi 20. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ivute inyooke, upime. Ikifika 259, imekwisha, itoe. Tazama tofauti hiyo: milimita tano zimegawanywa kwenye nafasi 20, kila moja imeliwa robo milimita tu. Huwezi kuiona kwa macho, lakini ukijumlisha cheni nzima ndiyo iliyokusogezea ajasta mpaka mwisho.

Ndiyo maana nakuomba usikate pingili. Ukikata, cheni itakuwa fupi, lakini kila nafasi iliyobaki itaendelea kuwa pana kuliko nafasi ya meno ya sproketi. Rola hazitalala tena kwenye mabonde yake, zitapanda mgongoni mwa jino. Mzigo uliotakiwa kubebwa na meno mengi utabebwa na jino moja au mawili. Kwenye kilima kile cha kabla hujaikuta lami Sangasanga, ukiwa na magunia nyuma, cheni itaruka meno au itakatika. Ikikatika inaweza kujiviringisha kwenye sproketi ya mbele ikapasua ganda la injini, au ikafunga tairi la nyuma ghafla. Mimi nimeyapokea maganda yaliyopasuka namna hiyo, na kwa mwenye pikipiki ya mkataba ile ni hasara ya wiki kadhaa za hesabu anayompelekea mwenye mali.

Kuhusu oili chafu. Najua ni ya bure na kila gereji inayo dumu lake. Lakini jiulize kwa nini tuliitoa kwenye injini tukaimwaga: ina masizi, ina chembe za chuma zilizosagika, ina mabaki ya petroli na tindikali. Unachukua vumbi la chuma unalipeleka mahali pale pale pembamba ambapo hutaki kitu kisage. Tena imeshakuwa nyepesi, inaruka yote kwenye rimu na suruali ya abiria kabla hujafika mbali. Na mikono yako, mwanangu. Oili iliyotumika inadhuru ngozi, na ukiishika kila asubuhi kwa miaka madhara yake si ya mchezo, saratani ya ngozi ikiwamo. Nunua oili ya gia namba 90, lita moja. Itakuchukua muda mrefu. Ukiwa huna kabisa, hata oili mpya ya injini namba 40 ni afadhali mara kumi kuliko ile chafu.

Na badilisha saa. Asubuhi cheni ni ya baridi, mafuta hayapenyi, halafu unaondoka papo hapo yanaruka. Paka jioni ukirudi, cheni ikiwa bado ina joto. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zima injini, weka nyutro. Kama kuna uchafu mwingi, osha kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ufute kwa kitambaa mpaka ikauke. Petroli usitumie. Inawaka kwa cheche ndogo, na kama cheni ina oringi, vile vipete vya mpira kati ya mabamba, inaziharibu. Kisha chukua chupa ndogo ya maji uliyotoboa kifuniko kwa msumari mwembamba, zungusha tairi taratibu kwa mkono, udondoshee oili upande wa ndani wa cheni ya chini, pale mabamba yanapokutana, kulia na kushoto. Upande wa ndani una sababu yake: cheni ikizunguka inarusha mafuta kuelekea nje, kwa hiyo yakianzia ndani yatapita kati ya mabamba kwenda kwenye pini kabla hayajapotea. Zungusha tairi mara kadhaa, subiri dakika kumi, halafu ufute ya juu yote. Watu wengi wanaruka hatua hiyo ya kufuta. Mafuta yaliyobaki nje hayasaidii chochote, yanaita vumbi.

Kwa kazi yako ya mlima na vumbi, fanya hivyo kila kilomita 300, yaani kila siku ya tatu. Ukinyeshewa, usisubiri siku ya tatu.

Nikupe na haki yako. Kilomita mia kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi minne, umetembea zaidi ya kilomita elfu kumi. Kwa cheni isiyo na oringi, magunia nyuma, oili chafu na vumbi la Mgeta, haikukudhulumu sana. Ila hukuniambia kama siku ile ulibadilisha na sproketi zote mbili. Zitazame. Meno yakiwa yameinama upande mmoja kama mapezi ya papa, hizo ndizo zilizoila cheni mpya. Cheni na sproketi zake hununuliwa seti, zikafungwa siku moja. Na anayekuambia ageuze sproketi ya mbele itumike upande wa pili, mshukuru, halafu ununue mpya.

*Mzee, huku Dodoma vumbi ni kali. Naweza kupaka grisi badala ya oili ili ikae muda mrefu?*
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Grisi ni nzito, haiingii kwenye pini, inabaki juu. Upepo wa Dodoma ukiileta ile michanga, ndani ya siku mbili unakuwa na msasa wa majimaji unaozunguka na cheni. Grisi iliyoko ndani ya cheni za oringi iliwekwa kiwandani na kufungiwa humo. Kwa vumbi la huko kwenu paka oili kidogo, mara kwa mara, ufute.

*Fundi, habari za kazi? Mimi ni mhudumu wa afya, naendesha mwenyewe kwenda vijijini wilaya ya Kilosa. Pikipiki yangu ilikuja na boksi la kufunika cheni. Lilianza kugonga, fundi akalitoa akasema halina kazi, linazuia tu kuona cheni. Tangu hapo naona cheni inachakaa upesi. Je, ni mawazo yangu?*
*Mhudumu wa afya, Kilosa*

Nzuri, dada yangu, na pole kwa barabara hizo. Si mawazo yako. Umeona sawasawa.

Nilipoanza kazi hii, baada ya miaka ya kuziba pancha za baiskeli, pikipiki nyingi zilizoingia gerejini zilikuwa za serikali na za miradi: Yamaha AG 100 za mabwana shamba, Honda CG125 za maofisa wa maji. Zote mbili zilikuwa na cheni iliyofungiwa ndani ya boksi. Tulikuwa tukifungua boksi la AG iliyopita mashamba ya mpunga na miwa miaka kadhaa, tunakuta cheni ndani inang'aa, mafuta bado yapo. Wakati huo huo pikipiki za cheni iliyo wazi zilikuwa zikirudi kila baada ya muda mfupi. Mimi sikufundishwa ubaya wa vumbi darasani, niliuona pale.

Boksi likigonga, lina sababu tatu hivi. Boliti imelegea au imepotea, boksi limepinda kwa kugongwa na jiwe, au cheni yenyewe imelegea inalipiga kwa ndani. Hiyo ya tatu ni cheni inakuita, na fundi aliyelitoa boksi amemziba mdomo anayeita. Lirudishe. Kama limepotea, tafuta la mitumba. Na hiyo hoja ya kwamba linazuia kuona: maboksi mengi yana kizibo cha mpira, kipana kama sarafu kubwa. Ukikichomoa unaiona cheni, unaigusa kwa bisibisi ujue inacheza kiasi gani, na unaipaka mafuta hapo hapo huku ukizungusha tairi.

Sasa niseme jambo ambalo hukuniuliza. Boksi lile halikuwekwa kwa ajili ya vumbi peke yake. Pikipiki nyingi za Kihindi zinakuja nalo, pamoja na kile chuma cha pembeni mwa tairi, kwa sababu wanawake wa huko wanapanda wamevaa sari. Wa kwetu wanapanda na kanga, na madera, na mitandio. Miaka mingi iliyopita, mbele ya gereji yangu, bodaboda ilipita na mama amekaa upande, mtoto mgongoni, kanga ya pili imemning'inia. Boksi la cheni lilikuwa limetolewa. Kanga ilishikwa na cheni ikavutwa kama inasokotwa, mama akashuka nayo. Mimi na kijana wangu tulikimbia na kisu cha kukatia mipira. Ilinibidi nikate kanga sehemu tatu ndipo akaachiliwa. Mtoto alitoka mzima, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Mama alivunjika mkono sehemu mbili. Tangu siku hiyo pikipiki ikiletwa kwangu bila boksi au bila kinga ya juu ya cheni, siitoi mpaka tumekubaliana na mwenyewe itafungwa. Wapo waliochukua pikipiki zao wakaenda kwingine. Sawa.

Na wewe huenda unawapakia kina mama wajawazito unapowafuata vijijini. Rudisha boksi kabla ya safari yako inayofuata.

*Shikamoo fundi. Nabeba samaki kwa pikipiki kutoka Bagamoyo kuelekea Bunju na Tegeta. Cheni yangu inaota kutu nyekundu kila nikiiacha siku mbili, na baadhi ya pingili zimekakamaa hazipindi. Nimeambiwa ni upepo wa bahari.*
*Mchuuzi wa samaki, Bagamoyo*

Marahaba, kijana. Upepo wa bahari una sehemu yake, lakini tazama tenga lako. Barafu inayeyuka, inachanganyika na maji ya samaki na chumvi, inadondoka wapi? Ukiangalia chini ya tenga saa moja baada ya kuondoka ufukweni, nina hakika utakuta njia ya maji inaishia kwenye cheni au kwenye sproketi ya nyuma. Tandika karatasi ya nailoni nene ndani ya tenga, uielekeze mdomo wake upande wa kulia, mbali na cheni. Au funga kibati chini kiyapokee maji. Kazi ya nusu saa.

Kisha kila siku ukimaliza kuuza, mwagia cheni maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Maji ya kumwagia tu. Usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari ukapige maji ya nguvu pale, yanasukuma mchanga ndani ya pini na yanaingia kwenye beringi za tairi. Futa, zunguka kidogo na pikipiki ipate joto na maji yatoke, halafu oili. Usipake oili juu ya maji, utakuwa umeyafungia humo ndani pamoja na chumvi.

Kuhusu pingili zilizokakamaa: zungusha tairi kinyumenyume taratibu, utaziona zinabaki zimepinda zinapotoka kwenye sproketi. Toa cheni yote, ilaze kwenye beseni la mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi uzipinde kwa mkono moja baada ya nyingine, uifute, kisha uilaze tena kwenye oili ya gia saa kadhaa, uitundike ichuruzike. Zitakazolainika, umezipata. Ikibaki hata moja ngumu, cheni hiyo itaruka siku moja, usiidai zaidi. Haya ya kulaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha ni kwa cheni ya kawaida tu. Kama yako ina vipete vya mpira kati ya mabamba, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na uikaushe mara moja. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka penye kipete, kile kimepasuka na grisi ya kiwandani imekwisha humo. Hakuna namna ya kuirudisha.

*Fundi, nina pikipiki mbili nimewapa vijana wafanye kazi Mbeya. Mmoja anaikaza cheni mpaka inalia kama waya wa simu, anasema ikilegea inapiga kelele. Mwingine anaiacha inaning'inia. Nani yuko sawa? Na mbona yule wa kukaza ameshanibadilishia beringi mara mbili?*
*Mwenye pikipiki, Mbeya*

Swali lako la mwisho limejibu la kwanza, kaka. Wote wawili wamekosea, lakini wa kukaza anakugharimu zaidi.

Tairi la nyuma halikai mahali pamoja. Linapanda na kushuka na shokapu. Sasa fikiria nukta tatu: katikati ya sproketi ya mbele, ile boliti kubwa ambayo mkono wa tairi la nyuma unapindia, na ekseli ya nyuma. Shokapu zikibonyea mpaka nukta hizo tatu zikae mstari mmoja ulionyooka, hapo ndipo ekseli inakuwa mbali kabisa na injini, na cheni inabana kuliko wakati wowote. Kijana wako anaikaza pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi. Akipakia mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi, au gunia la mkaa, shokapu zinashuka, cheni inataka kurefuka na haina pa kuupata huo urefu. Inavuta ekseli na inavuta shafti ya gia inayobeba sproketi ya mbele. Beringi zinakufa, oili sili ya pale mbele, ule mpira unaozuia oili isitoke, inaanza kuvuja, na pini za cheni zinasagwa kavu maana mafuta yote yamekamuliwa. Hebu chungulia nyuma ya sproketi ya mbele. Kama pameloa oili ya injini, uharibifu umeshaingia huko.

Kwa pikipiki ndogo nyingi cheni icheze milimita 20 hadi 30, juu na chini, katikati ya sproketi mbili, ukipima cheni ya chini. Mkono wa tairi huwa na kibandiko chenye kipimo cha pikipiki yako, hicho ndicho ukifuate. Kabla ya kupima zungusha tairi upime sehemu nne au tano, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, kuna mahali inabana na mahali inalegea. Kipimo chako kichukue pale inapobana zaidi. Halafu mpandishe mtu mzito, au wawili, uguse tena cheni. Ikiwa bado inacheza kwa kidole, umemaliza.

Kila tairi linaposogezwa nyuma, mambo mawili yanasahauliwa. Alama za ajasta za kulia na kushoto zisome sawa, na usiziamini peke yake: piga magoti nyuma ya tairi, tazama cheni kwa juu kama unayelenga kwa manati, inyooke kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. La pili ni breki. Kwenye breki ya drum, ukirudisha tairi nyuma ule mkono wa breki unajivuta wenyewe, breki inashika kidogo kidogo safari nzima. Kijana atakuambia injini imekosa nguvu, kumbe anatembea amekanyaga breki. Legeza nati ya breki, jaribu, na kotapini ya ekseli irudi mahali pake.

Na nikuombe jambo kama mwenye mali. Wengi wenu mnadai hesabu kila jioni na ni haki yenu, lakini dereva hana fungu la oili ya cheni, kwa hiyo anatumia anachookota. Mnunulie lita moja ya oili ya gia na mswaki, umkabidhi mkononi, umwonyeshe mwenyewe mara ya kwanza. Atakapoona unajua, ataifanya.

*Kilipu ya cheni yangu imechomoka mara mbili njiani. Tatizo ni kilipu za siku hizi?*
*Dereva, Ifakara*

Huenda imefungwa kinyume. Kilipu, kile kibati kinachofungia pingili ya kuungia cheni, ina upande ulioziba na upande wenye mwanya. Ulioziba uelekee kule cheni inakokwenda. Ukiitazama ikiwa kwenye cheni ya juu, upande ulioziba uwe mbele, kwenye injini. Mwanya ukitangulia, kitu chochote kinachogusa kinaufungua. Na kila cheni ikifunguliwa weka kilipu mpya. Koleo imeshaipanua ile ya zamani, haishiki tena.

*Shikamoo mzee. Nina miaka 17, najifunza ufundi. Bosi wangu anatuambia tuwashe pikipiki kwenye stendi, tuweke gia ya kwanza, tushike kitambaa kwenye cheni inajisafisha yenyewe haraka. Mimi naogopa, wenzangu wananicheka. Je, ni njia sahihi?*
*Mwanafunzi wa ufundi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara tatu.

Njia hiyo si sahihi, na hofu yako ni akili. Kitambaa kikikamatwa kati ya cheni na sproketi, hakikupi nafasi ya kukiachia. Mkono unakifuata kwa kasi kuliko unavyoweza kufikiri. Mwaka wangu wa pili gerejini, mwenzangu tuliyekuwa tunajifunza naye alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwa namna hiyo hiyo, gia ya kwanza, injini ikiwa inanguruma polepole kabisa, tumesimama tunaongea habari za mpira. Hakupiga hata kelele mwanzoni. Alikuwa hodari kuliko mimi kwa kurekebisha kabureta. Aliacha ufundi mwezi uliofuata, na mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa mkono wa kushoto.

Fanya hivi. Funguo itoe kabisa uiweke mfukoni mwako wewe. Nyutro. Zungusha tairi kwa mkono wa kushoto, kwa kulivuta kinyumenyume, ili cheni ya chini unayoisafisha itoke kwenye sproketi ya nyuma kuja kwenye kitambaa, isikipeleke kitambaa kwenye meno. Kitambaa kishike mbali na sproketi, katikati ya cheni ya chini, kifupi kisichoning'inia. Inachukua dakika saba au nane zaidi. Ukiizoea, wenzako watakukuta umemaliza.

Gazeti hili lifungue kwenye ukurasa huu uliache mezani kwa bosi wako, huna haja ya kusema neno. Akiendelea kuwalazimisha, niandikie tena unitajie gereji ilipo. Sitaichapisha. Nitakuja mwenyewe siku ya Jumapili tuzungumze naye, fundi kwa fundi, na huyo mwenzangu nitamwomba tufuatane.